Wasomi wetu na amana ya maji: Somo kutoka vinamasi vya Iraq

Inapoundwa taasisi ya kuhudumia jamii, mara nyingi katika mitaa yetu tunafuata njia moja. Tunatafuta mwenyekiti mwenye jina, katibu mwenye nafasi na mweka hazina anayeaminika, kisha tunasoma dua na kufunga kikao. Nani kati ya wajumbe anaijua kazi yenyewe ambayo taasisi imeundwa kuifanya? Swali hilo kwa kawaida haliulizwi. Linakuja kuulizwa siku kisima kinapotoa maji ya chumvi, na hapo fedha za waumini zimeshakwisha.

Ndugu msomaji, leo tuitazame taasisi moja isiyo ya kutafuta faida, ambayo kazi yake ni kurejesha ardhi oevu na mito iliyoharibiwa. Inaitwa Nature Iraq. Tunaitazama kwa sababu inatuonyesha nini kinawezekana pale wenye taaluma wanapokubali kuiongoza kazi ya jamii, na pia wapi uwezo wao unapoishia.

Tuanze na historia

Kusini mwa Iraq, mito ya Dajla na Furati inapokaribia kukutana, kuna eneo kubwa la vinamasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 eneo hilo lilikuwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 9,000. Wakazi wake ni Waislamu wa Kiarabu ambao tangu enzi na enzi wameishi kwa uvuvi, kufuga nyati wa maji na kujenga nyumba kwa matete. Hata ukumbi wa kupokelea wageni, unaoitwa mudhif, hujengwa kwa matete matupu, bila msumari.

Baada ya maasi ya mwaka 1991, serikali ya Saddam Hussein iliamua kuvikausha vinamasi hivyo, kwa kuwa vilikuwa maficho ya wapinzani wake. Yalijengwa matuta marefu na ikachimbwa mifereji mikubwa ya kuyachepusha maji yasiingie. Kabla ya hapo mabwawa yaliyojengwa juu ya mito hiyo, nchini Uturuki, Syria na Iraq yenyewe, yalikuwa yameshaanza kupunguza maji. Mwaka 2001 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitangaza kuwa takriban asilimia 90 ya vinamasi hivyo imetoweka. Makumi ya maelfu ya watu walikimbia, wengine wakaishia kwenye kambi za wakimbizi nchini Iran.

Hapa tutulie kidogo. Mifereji ile haikuchimbwa na watu wasiosoma. Mtu asiyejua hesabu za maji hawezi kuuhamisha mto. Kuna wahandisi waliokaa mezani, wakapima miinuko, wakachora ramani na kutia saini. Elimu iliyowanyima watu maji ndiyo hiyo hiyo ambayo baadaye ilihitajika kuyarudisha. Kwa hiyo shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa mwema. Linalobaki ni swali la nani anaitumia na kwa ajili ya nani.

Wananchi walitangulia

Mwaka 2003, baada ya Marekani na washirika wake kuivamia Iraq na serikali ya Saddam kuanguka, wakazi hawakusubiri mtu. Walichukua majembe, wengine wakapata mitambo, wakayabomoa matuta. Maji yakaingia na matete yakaanza kuota tena. Kufikia mwaka 2005, UNEP ilikadiria kuwa karibu asilimia 40 ya eneo la zamani imefunikwa na maji.

Lakini furaha ile ilikuwa na kasoro yake. Udongo uliokaa mkavu kwa miaka kumi ulikuwa umejaa chumvi. Mahali ambapo maji yaliingia na kupata njia ya kutokea, chumvi ilisafishwa na uhai ukarudi haraka. Mahali ambapo maji yaliingia yasipate pa kutokea, jua liliyakausha na chumvi ikazidi. Aliyewahi kupita kwenye mashamba ya chumvi ya Bagamoyo anaielewa habari hii bila kufundishwa. Maji yakifungiwa sehemu moja juani hayaleti samaki, yanaleta chumvi.

Hapo ndipo taaluma ilipohitajika. Wananchi walikuwa na haki ya kubomoa matuta na walikuwa na ujasiri wa kufanya hivyo. Ila nguvu za mikono hazikuweza kuwaambia sehemu ipi itapona, ipi itaungua kwa chumvi, na maji kidogo yaliyopo yaelekezwe wapi kwanza.

Wataalamu walioshika usukani

Azzam Alwash ni mhandisi wa Kiiraqi aliyehamia Marekani mwaka 1978 na kusoma huko hadi shahada ya uzamivu. Baba yake alikuwa mhandisi wa umwagiliaji, na alipokuwa mtoto alikuwa akimchukua kwa boti katika vinamasi hivyo. Akiwa California na kazi nzuri, alisikia kwamba mahali alipopendea maji pamegeuka jangwa. Yeye na Suzanne Alwash, mtaalamu wa jiolojia, walianzisha mradi ulioitwa Eden Again. Mwaka 2003 mradi huo uliwakutanisha wataalamu wa ardhi oevu kutoka nchi mbalimbali ili wajadili kwa hoja za kisayansi kama vinamasi vinaweza kurejeshwa, na kwa njia gani. Mwaka huo huo Alwash alirudi Iraq, na mwaka 2004 ikazaliwa Nature Iraq.

Tazama namna walivyofanya kazi. Walianza kwa kupima. Kwa miaka kadhaa, majira ya baridi na ya joto, timu za taasisi zilizunguka maeneo mbalimbali ya Iraq zikihesabu ndege, zikipima maji, zikiorodhesha mimea na samaki. Kazi hiyo ilifanywa na vijana wa Kiiraqi waliofundishwa, si na wageni peke yao. Na katika uongozi alikuwemo Jassim al-Asadi, mhandisi aliyezaliwa humo humo kwenye vinamasi, mtu anayejua kusoma ramani na anayejua pia mzee gani wa kumuuliza kuhusu njia ya zamani ya maji.

Matunda yalionekana. Mwaka 2013 Iraq ilitangaza hifadhi yake ya kwanza ya taifa katika vinamasi hivyo, na mwaka huo Alwash akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2016 UNESCO iliviingiza vinamasi vya kusini mwa Iraq katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Lakini tusidanganyane kuwa kazi iliisha. Ukame ulioanza mwaka 2021 ulikausha tena sehemu kubwa, nyati wakafa na familia zikahama upya. Mtaalamu anaweza kugawa vizuri maji yaliyopo, ila hawezi kuyaumba yaliyozuiwa kwenye bwawa la nchi nyingine. Kusema kweli kuna gharama pia. Februari 2023 al-Asadi alitekwa na watu wenye silaha, akaachiwa baada ya takriban wiki mbili.

Tunajifunza nini?

Kwanza, nia njema haichukui nafasi ya ujuzi. Mwenye nia njema asiyejua anaweza kumwaga chumvi akidhani anamwaga maji.

Pili, ujuzi wa aina moja hautoshi. Mto unahitaji mhandisi, mjuzi wa udongo, mjuzi wa viumbe, mwanasheria, mhasibu, na mvuvi. Bodi yenye wahandisi watupu italeta zege. Bodi yenye wafadhili watupu italeta mabango.

Tatu, msomi akija kwenye jamii asije kama bwana. Kule Iraq wenyeji walibomoa matuta kwanza, wasomi wakafuata. Aliyesoma alikuja kuiongezea nguvu kazi iliyokwisha kuanzwa.

Nne, kiongozi wa taasisi anatakiwa kusema namba mbaya kama anavyosema nzuri. Taasisi inayowapelekea waumini picha za siku ya ufunguzi tu, inawala.

Sisi na mabonde yetu

Mkataba wa kimataifa wa ardhi oevu ulisainiwa mwaka 1971 katika mji wa Ramsar, Iran. Iraq imo, na Tanzania imo pia, tukiwa na maeneo manne katika orodha yake, likiwemo bonde la Kilombero na eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa. Kwa hiyo habari hii si ya kigeni kwetu.

Na kwa wakazi wa Dar es Salaam, habari ipo mlangoni. Bonde la Msimbazi ni ardhi oevu. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu jijini, na waathirika wakapelekwa Mabwepande. Kila mwaka mvua zikinyesha tunachangishana magodoro na unga, na ni jambo jema. Lakini baada ya swala ya Ijumaa, katika safu za msikiti mmoja tu wa mjini, kuna mhandisi wa maji, mpima ardhi, mwanasheria, mwalimu wa biolojia na mkemia. Wote wanatoa sadaka ya fedha. Ni nani amewahi kuwaomba sadaka ya taaluma yao? Jumamosi mbili kwa mwezi, kupima mfereji wa mtaa, kueleza kwa nini matete yasing'olewe ukingoni, kuisoma ramani ya kiwanja kabla msikiti au madrasa haijajengwa kwenye njia ya maji.

Elimu ni amana, na amana huulizwa. Mhandisi aliyekausha vinamasi ataulizwa alichokifanya. Naye aliyejua namna ya kuokoa mto wa mtaani kwake, akakaa kimya kwa sababu hakuna aliyemlipa, ajiandae na jibu lake.

Wabillahi tawfiq.