Kujitolea Wakati wa Maafa na Haki ya Likizo: Mtazamo Kutoka Maua

Wahenga walinena kuwa kutoa ni moyo wala si utajiri. Hata hivyo, methali hii haijibu swali moja: mtumishi wa umma anayetoa siku zake za kazi huzitoa kwa idhini ya nani? Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kumrejelea mtumishi wa Maua, mji ulio katika eneo la milima ya Nyambene, Kaunti ya Meru.

Kwanza, istilahi zifafanuliwe. Kitenzi 'kujitolea' kina kiambishi 'ji' cha kujirejelea pamoja na kauli ya kutendea: mtu hujitoa kwa ajili ya mwingine. Nomino 'likizo' nayo inahusiana na kitenzi 'likiza', yaani kumpa mtu ruhusa ya kuacha shughuli. Hivyo basi, mtu hujitolea mwenyewe, ila hajilikizi. Hulikizwa na mwajiri.

Tofauti hiyo ya kisarufi ina uzito wa kisheria. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 28, inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, kwa malipo kamili. Sheria hiyo inataja pia likizo ya uzazi na ya ugonjwa. Haitaji likizo ya kuwaokoa waliopatwa na maafa. Isitoshe, kifungu cha 44 kinamruhusu mwajiri kumwachisha kazi papo hapo asiyefika kazini bila ruhusa wala sababu halali.

Tuchukue mfano wa muuguzi wa kaunti aliyefunzwa na Shirika la Msalaba Mwekundu. Yakitokea mafuriko kama yale ya mwaka 2024, ama atumie siku zake za mapumziko, ama ategemee hisani ya mkubwa wake, ama abaki zamuni huku ujuzi wake ukihitajika kwingine.

Jimbo la Illinois, Marekani, limelitatua suala hili kwa sheria. Mtumishi wa jimbo mwenye cheti cha huduma za maafa anaweza kupewa hadi siku 20 za kazi zenye malipo katika miezi 12, mradi Msalaba Mwekundu umwombe na idara yake ikubali.

Yamkini msomaji atauliza: muuguzi akiondoka, wodi ibaki na nani? Pingamizi hilo ni la haki, kwani mgonjwa aliyelazwa naye ana dharura yake. Ndiyo maana cheti, ombi rasmi, kikomo cha siku na mtu wa kushika zamu ni masharti ya lazima.

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linazikabidhi kaunti huduma za afya na udhibiti wa maafa. Kwa hivyo, Meru inaweza kuanza na wafanyakazi wake yenyewe. Mwalimu, ambaye mwajiri wake ni Tume ya Huduma za Walimu, atahitaji uamuzi wa kitaifa. Hadi hapo, moyo wa kutoa utaendelea kuwepo Maua, lakini gharama yake itabebwa na mtoaji peke yake.