Tela la Baiskeli Lishikwe Chini

Kijiji cha Kigwa kimezoea mizigo tangu enzi za misafara. Waliotoka pwani kwenda Unyanyembe walipita hapa, na mpelelezi Stanley alipita mwaka 1871 akielekea Kwihara, hukohuko Unyanyembe. Punda waliuawa na mbung'o njiani, kwa hiyo nguo, shanga na pembe zilikaa mabegani mwa wapagazi, frasila mbili hivi kwa mtu, yaani kilo 32 au zaidi. Sasa mzigo umehamia kwenye keria ya baiskeli. Ukiamua kuunda tela ili kuipumzisha keria, jambo la kuumiza kichwa kuliko magurudumu na boksi ni pale tela linapoungana na baiskeli.

Usilifunge kwenye keria wala kwenye bomba la siti. Keria imeundwa kubeba uzito unaokandamiza kutoka juu; tela huvuta nyuma na kuyumbisha pembeni, na vile vibolti vyake vitakatika. Isitoshe, tela lililoshikwa juu hukusukuma mgongoni ukifunga breki, na katika kona hukulaza.

Mahali pake ni kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, mbali na mnyororo. Mwambie fundi akukatie bapa la chuma lenye unene wa milimita 4 au 5, alitoboe tundu la kupita ekseli, kisha alibane kati ya fremu na nati. Hapo kuwa mwangalifu sana. Kwenye baiskeli za Phoenix na ndugu zake, ekseli hiyohiyo inashika miguu ya keria, waya za madigadi na stendi. Ukiongeza bapa, huenda nati ikashika meno mawili tu. Nati lazima ijae meno yote, na ncha ya ekseli ichomoze kidogo nje. Haichomozi? Nunua ekseli ndefu; usikubali kuambiwa itashika hivyohivyo.

Kiungo chenyewe kipinde kila upande: juu na chini kwenye mashimo, kulia na kushoto kwenye kona, na kijizungushe, ili tela likipinduka baiskeli ibaki imesimama. Kipande cha mpira mnene wenye nyuzi ndani kinatosha. Kivalishe kwenye bomba la mkono wa tela, pitisha bolti yenye washa pana kila upande, na mwisho wa pili ufunge kwenye bapa. Mkono uchomelewe ukiwa umepinda, ili tela lifuate katikati ya baiskeli japo limeshikwa kushoto.

Halafu weka mshipi wa akiba. Kamba imara ya nailoni itoke kwenye mkono wa tela, izunguke bomba la chini la fremu, karibu na ekseli. Iwe na ulegevu wa kukata kona tu. Ikining'inia itaingia kwenye spoku. Mpira ukikatika mteremkoni, kamba hiyo ndiyo itakayozuia tela kumfuata mtoto anayetoka shule.

Katika kupanga mzigo, mpagazi wa mzega angekuelewa mara moja: alitafuta kwanza mahali ambapo mti unatulia begani. Uzito mkubwa ukae juu ya ekseli ya tela, ukielemea mbele kidogo. Inua mkono wa tela kabla ya kuufunga. Usikie kilo 3 hadi 5. Ukipanda wenyewe, mzigo uko nyuma mno na utainyanyua baiskeli. Vuta gunia mbele. Gunia zima la mahindi, kilo 100, lisiwe safari yako ya kwanza. Anza na nusu, ujifunze breki zako zinashika baada ya hatua ngapi.

Kaza nati baada ya kilomita mbili za mwanzo, maana rangi na kutu hubanwa na kuacha nafasi. Fanya hivyo tena unapoondoka sokoni na tela tupu: bila mzigo hurukaruka kwenye makorongo na kulegeza nati upesi zaidi.