Sauti ya Mwanamke na Umri: Lipi la Kawaida, Lipi la Kumwona Daktari

Si ajabu mama wa miaka 65 kupokea simu na kuamkiwa "Shikamoo, baba." Wapo wanaofadhaishwa na jambo hilo, wakatafuta dawa ya "kurudisha sauti". Kabla hujatoa fedha yako, tunakushauri uelewe kwanza kilichobadilika.

Sauti hutokea pale hewa itokayo mapafuni inapotikisa nyuzi za sauti zilizomo kooni. Nyuzi za mwanamke kijana hutikisika takribani mara 200 kwa sekunde. Za mwanamume, takribani mara 120. Kadiri mitikisiko inavyopungua ndivyo sauti inavyokuwa nzito. Baada ya ukomo wa hedhi, homoni ya estrojeni hupungua, nyuzi huongezeka unene, na mitikisiko hupungua. Miaka inavyosonga, gegedu za koo hukakamaa, ute unaolainisha nyuzi hupungua, na nguvu ya mapafu hushuka. Ndiyo maana sauti huweza kukauka, kutetemeka au kukatika kwa kukosa pumzi. Hayo ni maumbile, si maradhi, na hakuna dawa ya kunywa inayolirudisha koo ujanani.

Zipo dawa zinazoweza kudhuru. Zile zenye homoni za kiume, zikiwemo za kukuza misuli, huifanya sauti ya mwanamke kuwa nzito, na aghalabu hairudi hata akiziacha. Kwa hiyo, kabla ya kununua:

1. Soma lebo: viambato, mtengenezaji, nambari ya usajili na tarehe ya mwisho wa matumizi. Bidhaa isiyotaja viambato usiinunue.
2. Muulize mfamasia kama ina homoni.
3. Dai risiti na uitunze.

Sauti inayobadilika polepole kwa miaka isikutie hofu. Lakini sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki 3, au ikiambatana na shida ya kumeza, uvimbe shingoni au kukohoa damu, nenda hospitali bila kukawia, hasa ukiwa mvutaji wa tumbaku. Saratani ya koo mara nyingi huanza kwa sauti kukwaruza, na hutibika vyema zaidi inapogunduliwa mapema. Mwezi mmoja unaopotea kwa kujaribu chupa za mchuuzi waweza kuwa ndio mwezi uliohitajika kwa tiba.