Mashini Ndogo, Miale Ileile

Ndugu mfanyakazi, unapopigwa radio ya kifua, miale hutoka katika ampuli isiyo na hewa. Tangu mwaka 1913 ampuli hiyo ina uzi wa tungsteni, unaochomwa na umeme hadi digri 2000 hivi. Uzi hutupa elektroni, nazo zikigonga chuma, miale inatoka. Lakini moto huo unakula umeme.

Mwaka 1991 Mjapani Sumio Iijima alionyesha mirija ya kaboni, myembamba sana kuliko unywele. Umeme hukazana kwenye ncha zake, na elektroni zinaruka bila moto. Kwa njia hiyo wametengeneza ampuli nyembamba kama kidole. Mimi nafurahi: mgonjwa halali mbali na mashini, mashini inamfuata kitandani.

Lakini angalia! Uzi hungoja kupata moto. Ncha za kaboni zinatoa miale mara moja, bila joto wala mwanga. Usisimame mbele ya mdomo wake kwa kuwa ni kidogo. Na ampuli ikivunjika, usiguse, usifagie, usipelekee watoto vipande wachezee. Katika majaribio ya panya, mirija mirefu ya kaboni iliumiza mwili kama amianti. Funga chumba, ita mkubwa wa usalama.