Mnyororo wa Baridi: Jinsi Chakula Kinavyofika Ng'ambo Bila Kuharibika

Maparachichi mawili yaliyochumwa asubuhi moja kwenye mti mmoja huko Murang'a huweza kuishia mahali tofauti kabisa. La kwanza hufika soko la Kangemi kwa pikapu alfajiri, likauzwa, likaiva baada ya siku nne au tano na kuliwa na githeri. La pili hupelekwa Ulaya kwa meli kutoka Mombasa. Wiki kadhaa zitapita kabla ya mtu kulionja, na siku kontena litakapofunguliwa bandarini Rotterdam linatakiwa liwe bado gumu. Tunda ni lilelile. Kinachotofautisha ni baridi, na hasa ni lini baridi hiyo ilianza.

Jambo hili linawahusu wakazi wa Kangemi kuliko inavyodhaniwa. Wengi wana miti ya parachichi nyumbani mashambani, iwe Kisii, Vihiga au Kirinyaga. Wengine ni madereva, wapakiaji, au mabroka wanaokusanya mazao kwa niaba ya makampuni. Kontena moja la futi 40 hubeba takriban katoni 5,000 za kilo nne nne. Matunda yakifika laini, mnunuzi hukata bei au hukataa mzigo wote, na nauli ya meli bado inadaiwa. Hasara hiyo huteremka ngazi kwa ngazi mpaka kwa mkulima, ambaye huambiwa tu kwamba soko limeharibika. Mara nyingi soko halina kosa. Kosa lilifanyika shambani, siku ya kwanza.

Tunda lililochumwa bado linapumua. Hutumia akiba yake ya chakula, hutoa joto, na kusonga taratibu kuelekea kuiva na hatimaye kuoza. Kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, kasi hiyo huongezeka mara mbili au tatu. Maana yake ni kwamba parachichi lililo kwenye nyuzi 26 huchakaa angalau mara nne upesi kuliko lililo kwenye nyuzi 6. Kreti ikikaa muda wa saa tatu ikingoja lori, imekwisha kula umri ambao ungetosha saa 12 au zaidi baharini. Ikiwa imewekwa juani badala ya chini ya mti, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu tunda lenyewe hupata joto kupita hewa iliyolizunguka.

Saa hizo hazirudi. Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani mzigo uliochelewa utaokolewa na jokofu. Baridi haiponyi, hupunguza mwendo tu.

Kontena la baridi nalo halikuundwa kupoza mzigo wenye joto. Kazi yake ni kutunza baridi iliyokwisha kupatikana. Ndiyo sababu matunda hupozwa kwanza katika kituo cha kupakia, ambako hewa baridi husukumwa kwa nguvu kupita katikati ya katoni. Ndani ya kontena, hewa hutokea sakafuni, hupanda kupitia matundu ya katoni, kisha hurudi kwenye mashine ikipita juu ya mzigo. Ukutani kuna mstari mwekundu unaoonyesha mwisho wa kupanga. Mpakiaji anayebandika katoni chache zaidi juu ya mstari huo, kwa nia njema ya kujaza nafasi, huwa ameziba njia ya hewa, na matunda yaliyo karibu na mlango hupata joto safari nzima.

Barabarani kuelekea Mombasa mashine hiyo huendeshwa na jenereta. Dereva akiizima usiku ili kubana dizeli, huenda asionekane na mtu. Lakini kati ya katoni huwekwa kifaa kidogo kinachorekodi joto kila baada ya muda mfupi, na mnunuzi kule ng'ambo huweza kukisoma kabla hajaonja tunda. Ushahidi husafiri pamoja na mzigo.

Wauzaji wa Kangemi wanajua siri moja inayoeleza sehemu iliyobaki ya kazi hii. Parachichi gumu likifungwa kwenye gazeti pamoja na ndizi mbivu, huiva upesi. Ndizi hutoa gesi iitwayo ethilini, inayoamsha uivaji. Katika kontena hutakiwa kinyume chake: hewa hupunguzwa oksijeni kutoka asilimia 21 hadi karibu 5, na kabonidioksidi huongezwa, ili matunda yapumue kidogo kabisa. Parachichi moja lililoanza kuiva, likipenya ukaguzini, hufanya ndani ya kontena kazi ileile ya ndizi kwenye gazeti.

Wala si kweli kwamba baridi kali zaidi ndiyo bora zaidi. Parachichi aina ya Hass husafiri kwenye nyuzi 5 hadi 7 hivi. Likipozwa kupita kiasi, nyama yake hugeuka kijivu. Mishiri nayo huumia chini ya nyuzi 5. Ndizi hutaka nyuzi 13, na yeyote aliyewahi kuiweka kwenye friji ameona ganda likiwa jeusi. Sukuma wiki hupenda baridi ya karibu sufuri. Kwa hiyo kuchanganya mazao haya katika chumba kimoja ni kuharibu baadhi yake kwa makusudi.

Tangu mwisho wa 2023 hesabu hii imekuwa ngumu zaidi. Mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yalilazimisha kampuni nyingi kuacha njia ya Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari inayoongeza wiki mbili hivi. Uzembe mdogo ambao zamani ungefichika sasa hujitokeza kwenye katoni.

Njia nyingine ni kugandisha. Mwaka 2019 China ilikubali kununua parachichi za Kenya zilizogandishwa, kwa sharti kwamba zimenywe, zitolewe kokwa, zigandishwe kwa nyuzi 30 chini ya sufuri, kisha zisafirishwe kwa nyuzi 18 chini ya sufuri. Makampuni mengi hayakuwa na mitambo ya namna hiyo. Parachichi mbichi zilianza kupelekwa huko 2022. Kugandisha chakula cha safari si jambo geni duniani: mwaka 1882 meli ya matanga iitwayo Dunedin, yenye mtambo wa mvuke wa kutengeneza baridi, ilibeba nyama ya kondoo kutoka New Zealand hadi London kwa siku 98, na ikafika ikiwa nzuri.

Kwa anayetaka kuingia katika biashara hii, leseni ya kuuza mazao ya bustani nje hutolewa kupitia Kurugenzi ya Mazao ya Bustani, na cheti cha afya ya mimea hutolewa na KEPHIS. Hata hivyo, broka mwenye kivuli, kipimajoto na lori linalofika kwa wakati ameshatimiza sehemu ambayo hakuna cheti kinachoweza kuifidia.

Mnyororo huu pia huja upande wa pili. Baadhi ya samaki wanaouzwa Nairobi huagizwa wakiwa wamegandishwa, na hutakiwa kubaki kwenye nyuzi 18 chini ya sufuri mpaka dukani. Kugandisha hakuui vijidudu vyote, huvilaza tu. Samaki akiyeyuka, vijidudu huamka na kuongezeka, na kumrudisha kwenye friji hakuondoi kilichokwisha kuota. Mnunuzi anaweza kutazama dalili: barafu yenye rangi ya damu iliyotuama chini ya katoni, samaki walioshikana kuwa bonge moja, au mwili uliopindika na kulainika kabla ya kuganda tena. Akiona hayo, asinunue, na amjulishe afisa wa afya ya umma wa wadi yake, akitaja kibanda na saa aliyopita hapo.