Nyumba ya zamani kijijini: kabla hujatoa hela

Umeiona, na moyo umeshatua. Iko milimani Usambara, mwisho wa njia ambayo gari dogo haliingii, kwenye kitongoji cha kaya chache. Tofali za kuchoma, baraza ndefu mbele, mparachichi uani. Kimya. Muuzaji anakwambia kuna mteja mwingine anakuja Jumamosi. Mwache aje. Wewe una kazi ya kufanya kwanza.

Usianze na ukuta. Anza na swali hili: nani aliijenga? Nyumba kama hizi mara nyingi zilijengwa na mzee ambaye sasa hayupo, na anayekuonyesha vyumba ni mmoja tu wa watoto wake. Kama mzee alifariki, omba kuona barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina, lakini mahakama ndiyo inayoteua. Ukiambiwa "sisi kwenye familia tumeshaelewana", jibu kwa heshima kwamba utafurahi kuwaona wote mahali pamoja.

Nalisisitiza hili kwa sababu lilinikuta. Nilikuwa nimebakiza siku tatu nilipe, dada mkubwa wa muuzaji akashuka kwenye basi na kukuta wageni wanapima shamba la baba yake. Hakuwa ameambiwa lolote. Ile nyumba haikuuzwa, na hela yangu ilisalimika kwa kuwa ilikuwa bado benki.

Kama mwenye nyumba yupo hai na ana mwenza, saini ya mwenza ni lazima. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja auze nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Usikubali ridhaa ya simu. Akae mezani, asome, asaini.

Sasa zunguka nyuma ya nyumba, polepole. Unatafuta makaburi. Kaburi la zamani huenda halina saruji wala msalaba. Ni mawe machache yaliyomezwa na majani chini ya migomba. Ukiona, usikasirike na usijifanye hujaona. Kaeni mkubaliane: sehemu ile inabaki ya familia, watapita wapi wakija kusafisha, na iandikwe kwenye mkataba. Familia ikijua utawaheshimu wazee wao, mambo mengine hulainika.

Muulize bibi wa nyumba jirani. Mpe shikamoo, kaa, kunywa chai akikukaribisha. Bibi anajua mpaka ulisogezwa lini, maji yanakatika mwezi gani, na nani aliwahi kugombea hiyo nyumba. Uliza pia kama shauri la nyumba hiyo liliwahi kufika Baraza la Ardhi la Kijiji. Majirani wote wa mipakani wawepo siku ya kupima, na wawe mashahidi kwenye mkataba.

Kisha nenda ofisi ya kijiji. Kama eneo ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka halmashauri ya kijiji iidhinishe uhamisho. Mhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi. Omba nakala ya muhtasari wa kikao kilichopitisha. Uliza kama kuna hati ya hakimiliki ya kimila, na hakikisha mabadiliko ya jina yanaingia kwenye masjala ya ardhi ya kijiji. Kama hati haipo, mwambie mtendaji tangu mwanzo kwamba utaiomba, naye akueleze hatua zake.

Kuna mto karibu? Pima. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye kingo. Nyumba iliyo ndani ya hapo ina mandhari nzuri na wasiwasi usioisha.

Hapo ndipo umwite fundi. Mchukue wa kwako, umlipe mwenyewe, asiwe ndugu wa muuzaji. Nendeni wakati wa masika kama unaweza, Machi hadi Mei, kwa sababu kiangazi kinaficha mengi.

Anzeni juu. Apande darini na tochi na bisibisi. Achome mbao za kenchi: bisibisi ikizama kama kwenye ndizi, mchwa wameshakula. Azime tochi atazame juu. Kila nukta ya mwanga ni tundu kwenye bati. Harufu kali ya mkojo ni popo, na mara nyingi dari yote itabidi ishuke.

Shukeni kwenye kuta. Nyufa nyembamba za plasta zisikutishe. Ufa unaoanzia kona ya dirisha na kushuka mshazari hadi msingi, unaoingia kidole, huo ni wa msingi. Chini ya ukuta tafuta unga mweupe na plasta inayobanduka: unyevu unapanda. Kwenye mteremko, tazama maji ya mvua yanatoka wapi juu ya nyumba na yanapita wapi. Mfereji mmoja uliochimbwa vizuri unaweza kuuokoa ukuta mzima.

Choo cha shimo, angalia kina na umbali wake kutoka kwenye kisima. Bomba la kijiji, uliza jumuiya ya watumia maji kama kuna deni. Umeme, hesabu hatua hadi nguzo ya karibu. Ikiwa mbali, gharama inaongezeka.

Bei jadili mwisho, ukiwa na karatasi ya fundi mkononi. Bati, mbao, saruji, na usafiri wa kuvipandisha mlimani, kwa kuwa mabegani mwa vijana kila mfuko una bei yake. Uliza kwa majina ni miti ipi inauzwa pamoja na kiwanja. Mparachichi ule huenda ni wa shangazi, na mavuno yake ndiyo ada za watoto.

Mkataba uandikwe na wakili. Lipa kwa benki, kwa awamu, na bakiza kiasi cha maana hadi nyumba iwe tupu na ufunguo uwe kwako.

Ukishahamia, rekebisha paa kwanza. Rangi iache. Kaa ndani masika moja nzima, uone ukuta upi unalowa na upepo unaingilia wapi, ndipo umwite fundi rangi.