SOMO KWA MAFUNDI: TUCHAJI BETRI ZA DRILI BILA KULIZIMISHA GARI

Leo tunajifunza kuchaji betri za drili na misumeno kwa kutumia gari, pale tunapofanya kazi mahali pasipo na umeme.

Jambo hili laonekana dogo. Lakini gari linalotupeleka saiti mchana, mara nyingi ndilo linaloitwa usiku kumpeleka mama mjamzito zahanati. Tukiwa tumeimaliza betri yake, halitawaka. Kwa hiyo, kabla ya kuchomeka chaja, tupige hesabu.

1. HESABU YENYEWE

Tazama namba mbili zilizoandikwa juu ya betri: volti (V) na ampea-saa (Ah). Zizidishe. Betri ya drili ya volti 18 na Ah 4 hubeba wati-saa 72. Umeme mwingine hupotea kama joto kwenye inveta na chaja, basi tuhesabu kwamba gari litatoa kama wati-saa 100.

Betri ya gari ya volti 12 na Ah 60, ikiwa mpya na imejaa, hubeba wati-saa 720. Mtu atasema, "Basi nitachaji saba!" Hapana. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha ijazwe tena na injini. Ikinyonywa sana huharibika, na hushindwa kuzungusha starta kabla haijaisha kabisa. Injini ikiwa imezimwa, betri moja ya drili yatosha. Ya pili ni kubahatisha. Ya tatu ni kujitafutia kazi ya kusukuma gari. Na betri ya gari iliyozeeka huenda isivumilie hata hiyo moja. Bandu bandu huisha gogo.

Mwenye mita apime gari likiwa limetulia na chaja imechomolewa. Volti 12.6 maana yake imejaa, volti 12.2 imebaki kama nusu. Sisi tunashauri tuache ikifika 12.4.

2. WAKATI UNAOFAA

Wakati mzuri ni gari likiwa safarini. Hapo alternata inafanya kazi, umeme wake unafika kama volti 14, na mafuta yalikuwa yatumike hata hivyo. Tuchomeke chaja tunapoondoka nyumbani na tunaporudi.

Kuliacha gari likinguruma saiti kwa ajili ya chaja tu ni kuchoma mafuta. Tena lisingurume kamwe ndani ya banda lililofungwa: moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

3. KUUNGANISHA

Tundu la kuwashia sigara lina fyuzi ndogo. Ikiwa ni ya ampea 10, mwisho wake ni kama wati 120. Chaja za haraka nyingine hutaka zaidi ya wati 200. Hizo zitakata fyuzi. Usiweke fyuzi kubwa zaidi wala kipande cha waya, kwa maana nyaya zitaungua ndani ya gari. Inveta kubwa iunganishwe kwenye betri yenyewe, kwa nyaya nene na fupi, na fyuzi yake ikae karibu na upande wa chanya.

Chaja ikivuma sana au kuchemka kwenye inveta ya bei nafuu, ichomoe. Si kila chaja hupatana na kila inveta. Baadhi ya watengenezaji huuza chaja za volti 12 zisizohitaji inveta. Hizo hupoteza umeme kidogo.

Usiunganishe betri ya drili kwa waya mtupu kutoka kwenye gari. Betri ndogo ya lithiamu iitwayo ya volti 12 hujaa ikifika 12.6, na gari linalonguruma hutoa kama 14. Bila chaja ya kuizuia, inaweza kuwaka moto.

4. JOTO

Betri iliyotoka kukata mbao ipoe kwanza kivulini. Usiichaji juu ya dashibodi penye jua. Watengenezaji wengi huweka mwisho wa joto la kuchajia karibu nyuzi 40. Iliyovimba au kupasuka isichajiwe tena.

5. MWENYE GARI

Tumwombe ruhusa mapema, tupatane kuhusu mafuta, na kabla ya kuagana tuliwashe gari mbele yake. Likiwaka, kazi yetu ya siku imekwisha vizuri.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Betri ya volti 18 na Ah 5 hubeba wati-saa ngapi?
2. Tuna betri nne za drili na safari ya saa moja kwenda, saa moja kurudi. Tuzipange vipi?
3. Gari tunalotumia likiitwa usiku kwa mgonjwa, nani mwingine anategemea liwake?